Shingo ya Mbuni

Wanyama wa bondeni walipounda timu ya raga, Kondoo dume alimcheka Mbuni mbele ya wote.

"Dada, kwa shingo hiyo kama utepe, kaa pembeni ushangilie. Kwetu dume hupimwa kwa kichwa chake."

"Nipange tu, kaka," akasema Mbuni.

Siku ya mechi, Ngiri wa timu pinzani alichomoka na mpira. Kondoo akainamisha kichwa kama walivyofanya baba zake, akawa haoni ila nyasi. Utosi ukagonga goti la Ngiri, shingo ikalia ko! Akalala pale, hawezi hata kutikisa mkia.

Mbele ya Ngiri akabaki Mbuni peke yake. Akakunja magoti, akainua kichwa, macho yakaganda kiunoni mwa Ngiri. Akamtia bega, akamkumbatia kwa mabawa, wakabiringika. Mpira ukamtoka Ngiri. Uwanja mzima ukasimama.

Kondoo alipona baada ya miezi mitatu ya kufungwa magome shingoni. Mbuni alipokwenda kumjulia hali, Kondoo alimuuliza, "Dada, hiyo yako nyembamba ilisalimikaje?"

Mbuni akainyoosha yote, ndefu, bila haya.

"Kugonga nililiachia bega, kaka. Shingo kazi yake ni kubeba macho."