Mteja wa Kofia Nyekundu

Mwanamume wa kofia nyekundu alikuwa anaingia farmasi kwa mara ya tatu asubuhi ile. Mara ya kwanza alinunua paracetamol. Mara ya pili alikuja bila kofia, akaomba dawa ya kikohozi. Sasa kofia imerudi kichwani, na mkononi amebeba mtoto wa kuazima, anayelia kweli kweli.

Mapalo alikaa pembeni ya kaunta, simu mkononi. Ndiyo kazi aliyopewa na Papa Amadi, mwenye farmasi nne: kupima kila duka linahudumia wateja wangapi, kwa wafanyakazi wangapi, kwa saa ngapi. Alimwona vizuri yule mtu. Akamhesabu: mteja mwingine.

"Unaona mwenyewe, mama," alimwambia Rigobert, gérant, yaani msimamizi, wa farmasi hii ya Karavia. "Hapa batu habakose. Kila siku njo vile."

"Minaona, papa."

Foleni ilikuwa imefika nje. Mama mmoja alijisahau, akamwita Rigobert "shemeji" mbele ya watu wote. Naye Mapalo akamhesabu.

Rigobert alikuwa na sababu ya kujitoa jasho hivyo. Wafanyakazi wote walikuwa wanaambizana kwamba gérant atakayeshika mkia hapa mjini atafungasha virago kwenda Kambove, kwenye farmasi ambayo asubuhi nzima haipati wateja wa kujaza benchi moja.

Na Kambove, Mapalo aliijua. Miaka miwili nyuma, hapa hapa Karavia, umeme ulikatika, Rigobert akaenda zake kunywa bia bila kuwasha jenereta, na insulini yote ikaharibika kwenye friji. Kesho yake akamtupia lawama Mama Katongo, muuzaji wake, mwanamke aliyekuwa anamweleza kila bibi namna ya kumeza vidonge mpaka bibi aelewe. Papa Amadi hafukuzi mtu. Alimhamishia mama huyo Kambove. Yuko huko mpaka leo, peke yake, magoti yanamuuma, na kila akipiga simu anauliza lini atarudi nyumbani. Anampigia Mapalo, kwa sababu Mapalo ni mtoto wake wa kumzaa.

Rigobert hakulijua hilo. Aliendelea kucheka, meno yote nje.

Mapalo angeweza kummaliza siku ile ile. Neno moja tu kwa Papa Amadi: hawa wote ni mashemeji na mashangazi zake. Lakini alimjua Rigobert. Angepiga magoti, angelia kidogo, angeapa kwa watoto wake, na Papa Amadi, mtu wa sala, angemsamehe kabla machozi hayajakauka. Mapalo hakutaka asamehewe. Alitaka aumie, aumie taratibu, mahali pale pale mama yake alipoumia.

Jioni Rigobert alimletea Fanta baridi, akaifungua mwenyewe.

"Usinisahau kule kwa patron, mama."

"Siwezi kukusahau, papa."

Akainywa yote.

Wiki iliyofuata Papa Amadi aliwaita Rigobert na Mapalo ofisini kwake. Rigobert alikuja na suti, na nyumbani kwake kuku alikuwa tayari jikoni, maana habari zilikwisha kumfikia: Karavia ni ya kwanza, imeziacha nyingine mbali. Kambove ni ya mwisho, kama kawaida.

"Félicitations, Rigobert," alisema Papa Amadi, akamshika mkono. "Sikujua kama niko na muntu wa kuvuta bateja namna hii. Miye nilikuwa nataka nifunge Kambove. Mapalo njo alinishauri: duka ya mwisho, tuipatie gérant wa kwanza. Utaanza kule Jumatatu. Mama Katongo atarudia hapa, atakamata nafasi yako."

 

Mapalo alisimama, akampa Rigobert mkono wa pongezi, akainama kidogo kwa heshima kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Mwezi yenye kuya nitakuya kupima na kule, papa," alimwambia. "Ule shemeji yako wa kofia, umubebe."