Bakuli la Bi Nungunungu

Wanyama nao wana jeshi, msishangae. Bwana Nungunungu alipopelekwa kulinda mpaka, mkewe alibaki na watoto wanne na ghala tupu. Majirani walipomletea mihogo, aliwasimamishia miiba mlangoni.

"Mke wa askari halishwi na watu," alisema. Watoto wakanywa maji, wakalala.

Kesho yake jirani yake Fuko alipiga hodi mikono mitupu. "Shemeji, nimepata wageni. Niazime bakuli."

Bi Nungunungu alifurahi kuombwa, akampa. Jioni bakuli lilirudi limejaa kunde.

"Za nini hizi?"

"Ulitaka nirudishe chombo cha watu kitupu, shemeji? Mimi nimelelewa."

Hapo Bi Nungunungu alizipokea, maana hata yeye hakuwahi kurudisha chombo kitupu. Siku ya pili Kima aliazima sufuria, ya tatu Kicheche akataka ungo. Kijiji kizima kikawa na wageni, na hakuna aliyewaona.

Mumewe aliporudi alikuta watoto wamenona, na jikoni hakuna hata mwiko.

Mwezi uliofuata mume wa Bi Pimbi aliitwa jeshini, naye Bi Pimbi akajifungia ndani. Wa kwanza kupiga hodi alikuwa Bi Nungunungu, miiba ameilaza.

"Shoga, niazime bakuli. Nimepata wageni."