Spika Zenye Amplifaya Ndani

Hafidhi aliliogopa duka lile la spika kabla hajaingia. Kwa miezi sasa sauti nyembamba zilikuwa zikimkimbia masikioni, na yeye ndiye mpiga fidla wa kikundi cha mtaa wao. Mkewe, Mize, hakujua. Alitaka tu spika za sebuleni.

"Hizi zinahitaji amplifaya kando," muuzaji alieleza. "Hizi nyingine amplifaya imo ndani. Unachomeka kwenye umeme, basi."

Hafidhi alimtazama midomo, akaitikia.

Muuzaji aliwasha zile za kwanza. Hafidhi alisikia ngoma tu, kwa mbali. Mize alitikisa mabega kwa mdundo, naye akatikisa yake.

"Sasa tusikie hizi zenye amplifaya ndani," muuzaji alisema, akainama nyuma ya rafu.

Hafidhi alifumba macho, akapigapiga vidole pajani, akatabasamu.

"Ah! Hizi ndizo. Fidla inalia humo mpaka roho inauma."

Alipofumbua macho, muuzaji alikuwa ameshika waya mkononi.

"Mzee, bado sijachomeka."

Mize aliangua kicheko. "We baba Rukia, umeanza uganga?" Kisha akauona uso wa mumewe, kicheko kikakatika.

"Tangu lini?" aliuliza polepole, ili mumewe aione midomo yake.

Hafidhi aligusa sikio lake.

"Chomeka," Mize akamwambia muuzaji.

Aliushika mkono wa mumewe, akaulaza juu ya spika, na wake akauweka juu ya mkono huo. Kiganja cha Hafidhi kikaanza kutetemeka, lakini hakujua kama ni muziki ulio chini au mkono wa Mize ulio juu.