Pua za Ng'ombe wa Mzee Ndaki

Ng'ombe alipiga chafya kwenye simu. Mboje akaipangusa kwa shati, akaipiga picha tena ile pua, akasubiri.

"Ng'ombe wa Ndaki," simu ikaandika.

Mboje akasonya. Ndaki ni baba yake, na zizi lake liko kule Bariadi. Hapa ni Migato, kwa Mzee Athanasi. Simu ilitakiwa iseme "Simjui", basi.

Jumatatu alikuwa na usaili Mwanza, kwenye kampuni ya bima ya mifugo. Shahada ya uzamili ya kompyuta alishaipata. Kilichobaki ni kuwaonyesha programu yake inavyomtambua ng'ombe kwa pua, maana pua za ng'ombe hazifanani, kama alama za vidole vya watu. Ikimtaja mwenye ng'ombe ambaye siye, kazi hakuna.

Aliifundisha kwa ng'ombe wa nyumbani. Yeye akiwa chuoni Dar, mzee alimtumia picha kwa WhatsApp, pua tupu. Kwa hiyo Mboje alizijua pua za ng'ombe wa baba yake, ila ng'ombe wenyewe akikutana nao njiani angewapisha kama wageni.

"Ngosha, mwanaume mzima umesoma mpaka vitabu vimekwisha, bado unamuuliza ng'ombe jina?" Mzee Athanasi alimtania, kamshika dume pembe. "We piga tu. Hapa ni kwenu."

Kwenye hilo "kwenu" moyo wa Mboje ulicheza. Alikuja kupima programu, sawa, lakini mazizi ya kupimia yalijaa Bariadi. Alikuja pia kumchungulia Minza, binti wa Athanasi. Walipendana kimyakimya, na aliyeambiwa ni Mzee Ndaki peke yake.

"Soma kwanza," mzee alimjibu wakati ule. "Mambo ya posa niachie mimi mwenyewe."

Tangu msimu wa pamba Minza hapokei simu. Mtandao wa Migato huo, Mboje alijifariji. Na jana alipofika nyumbani alikuta zizi limepwaya.

"Nimewapeleka Meatu, malisho huku yamekwisha," mzee alisema, nywele zimekolea piko, nyeusi kuliko za mwanawe.

Ng'ombe wa pili: wa Ndaki. Wa tatu: wa Ndaki. Mtamba mwenye kamasi: wa Ndaki.

Mboje akaketi juu ya samadi, na suruali yake ya usaili. Kukodolea kompyuta macho kote kule, halafu hivi?

"Baba, nisamehe. Hii takataka inasema ng'ombe wako wote ni wa mzee wangu."

Athanasi alicheka mpaka dume akamponyoka. "Sasa imekosea wapi? Si kawaleta mwenyewe wiki iliyopita? Mahari hiyo!"

Mboje akaruka juu. Programu ni nzima! Kazi ipo! Na yule mzee, kumbe alikuwa ananyamaza ili amshtukize! Akamshika Athanasi mikono yote miwili, nusura ambebe.

"Asante, baba! Asante sana!"

"Una moyo mzuri, wewe," Athanasi alisema, machozi yakimlengalenga. "Watoto wengine hununa."

Kisha akageukia nyumba, akapaza sauti:

"Minza! Toka jikoni uje umpokee mwanao."