Shukrani za Kondo

“Leo nashukuru pua,” alisema Kondo.

Mwantumu alimwinua mumewe kichwa, akamtia kijiko cha uji wa pumba za mpunga kwenye pembe ya mdomo isiyopinda, akasubiri ameze.

“Nimesikia harufu ya matope. Mto umeanza kujaa.”

“Meza kwanza, Baba Sikujua.”

Ndiyo ilikuwa desturi ya Kondo tangu aanguke katika shamba la pamba la akida, wiki mbili kabla ya vita na serikali. Upande mmoja wa mwili ulikufa papo hapo, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Alikuwa keshapita miaka sitini. Badala ya kulia alichopoteza, alianza kutafuta kilichobaki, na kila asubuhi alikishukuru kimoja. Jana ilikuwa shingo, kwa kuwa bado inageuka. Juzi ilikuwa ule mguu mzima, kwa kuwa ndio anaousimamia, mkewe akiwa amemkumbatia, wanapokwenda chooni nyuma ya nyumba.

Mwantumu hakuwa na cha kushukuru. Hakuwa na cha kulilia pia. Kijiji chote cha Ruaruke kilikuwa kimehamwa. Binti yao Sikujua na mumewe walikimbilia Maparoni, kwenye mikoko, pamoja na wengine. Yeye alibaki kwa sababu Kondo habebeki. Alichota maji, akatwanga pumba, akafua shuka lililolowa, akalala, akaamka. Siku moja alijikata kwa kisu, na hakujua mpaka alipoona damu ndani ya chungu.

Kijiko kilikuwa bado mkononi pale mwanga wa mlangoni ulipozibwa. Askari watatu wa serikali waliinama wakaingia, mmoja nyuma ya mwenzake. Wa mbele alisimama miguuni pa kitanda.

“Huyu mbona hakukimbia?”

“Amepooza,” alisema Mwantumu. “Tangu kiangazi.”

“Kila mwanamume tunayemkuta ndani siku hizi amepooza. Yule wa Mtunda naye alikuwa amepooza.”

Habari ya Mtunda Mwantumu aliijua. Mzee Tamimu alijilaza kitandani, akajifanya hajiwezi. Walipommwagia maji ya moto aliruka. Walimnyonga siku ileile, kwamba ni mtu wa vita aliyejificha, na mkewe wakamnyonga kando yake kwa kumficha.

“Lete kaa,” askari alimwambia mwenzake, akionyesha mafiga. Kisha akamgeukia Mwantumu. “Wewe, uso ukutani. Ukisema neno, tutajua unampa ishara.”

Mwantumu aligeuka. Mbele ya macho yake palikuwa na udongo uliopasuka na njia ya mchwa inayopanda. Aliifuata kwa macho. Alisikia shuka likifunuliwa, akasikia mtu akipuliza kaa. Kisha harufu ikamfikia, ya nywele kwanza, halafu ya nyama.

Hakusikia ukelele. Wala hakuutarajia. Miezi mitano alikuwa akiukanda mguu ule kwa mafuta ya nyonyo, na mara nyingi aliufinya kwa kucha, akimtazama mumewe usoni, naye Kondo akiendelea kuzungumza habari nyingine.

“Mwongezee,” ilisema sauti kutoka mlangoni.

Harufu ikazidi. Kamba za kitanda hazikulia hata kidogo. Mchwa mmoja alitoka kwenye njia yake, akatangatanga, akarudi.

“Gogo tu hili,” hatimaye alisema yule wa miguuni. “Twendeni.”

Walichukua chungu cha uji na jogoo aliyekuwa uani. Mwantumu alibaki vilevile mpaka hatua zao zilipokwisha kusikika upande wa njia ya Kibiti, na hata baada ya hapo. Alipogeuka, alikaa sakafuni. Kitu kilimpanda kifuani, kitu ambacho hakukisikia tangu vita vianze. Aliona machozi yakidondoka juu ya mikono yake, naye akayaacha yadondoke.

“Alhamdulillahi,” alisema. “Na mimi leo nashukuru, Baba Sikujua. Umenisikia? Miezi yote hii unashukuru peke yako, na mimi nakuona kama mtu aliyechanganyikiwa. Leo naushukuru mguu wako uliokufa. Ungekuwa hai, saa hizi tungekuwa mtini wote wawili.”

Kondo alikuwa amefumba macho, na jasho lilikuwa limemlowesha ndevu.

“Pumzika basi. Nakupaka mafuta, kisha nakutafutia kitu cha kula.”

Alichukua kibuyu cha mafuta ya nyonyo, akapiga magoti mwisho wa kitanda. Aliunyanyua mguu uliokufa kwa mikono miwili, kama alivyozoea, akaulaza mapajani pake. Alitazama unyayo. Akapitisha vidole juu ya kifundo, akapanda polepole kwenye muundi, mpaka gotini, akashuka tena kwa upande wa nyuma. Ngozi ilikuwa nzima, baridi kama siku zote.

Ulioungua ulikuwa ule mwingine, na ulikuwa ukitetemeka.