Mafuta ya Nazi

Kila nyumba iliruhusiwa watu sawasawa na majani ya mmea wake wa kutambaa, maana hewa ya kuvuta haikutoka kwingine. Mmea wa Zamda ulikuwa na majani manne: lake, la mama yake, na ya binti zake wawili.

Ukaguzi ulipokaribia, mama wa watu alilipaka jani mafuta ya nazi ling'ae, kama alivyozoea kuwapaka wajukuu. Jani likakosa pumzi, likawa manjano, likaanguka.

"Ulipaka hilo tu, mama?"

"Hilo tu, mwanangu. Nifungie kanga zangu, niwaachie hewa."

Akatoka kwenda nje ya jiji, ambako harudi mtu. Zamda akarudi ndani kuyapangusa vumbi majani matatu yaliyobaki. Kitambaa kikanukia nazi.