Vidole vya Kuazima

Katika darasa la kisomo cha watu wazima, mwalimu alisema tarakimu ni kumi, sifuri mpaka tisa, sawa na vidole vya mikono miwili.

“Mimi naishia saba, mwalimu,” alisema Makame, akainua mkono wa kushoto uliobaki na vidole viwili. “Nipunguzie na somo!”

Darasa zima likacheka, isipokuwa Shomvi aliyekaa naye dawati moja. Wote wawili walikuwa wapasua mbao. Kiwandani kwao, anayewasha msumeno hupaza sauti, “Nawasha!” kisha hungoja mwenzake aitikie. Siku msumeno ulipomkata Makame vidole, Shomvi aliwasha kimya kimya, halafu akaapa kwamba aliita. Makame akamwamini, na mpaka leo huyalaumu masikio yake.

“Haya bwana, hiyo saba yako jumlisha tatu,” mwalimu akamtania.

Makame alihesabu vidole vyake, vikamwishia. Shomvi akamwekea vitatu vyake juu ya dawati.

“Nane, tisa...” Makame akavigusa kimoja kimoja.

“Makame,” Shomvi akanong’ona, “siku ile sikuita.”

Kidole cha Makame kikasimama juu ya kile cha mwisho. Darasa lilikuwa likingoja jibu.